Asidi ya sitriki kwenye tangi lenye kutu: nyota 4, na ile moja nimejinyima mwenyewe

Nimemaliza kilo nzima ya huu unga mweupe kwenye tangi la Honda CG125 yangu ya zamani, na hapa ninapoandika vidole bado vinanuka petroli. Kwa wenye haraka: unatoa kutu, tena haswa. Kilichonitoa jasho si kutu yenyewe, ni ile nusu saa baada ya kumwaga dawa, na hapo ndipo nilipovuruga mara ya kwanza.

Pikipiki ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Kiki ya kwanza inawaka, inakwenda vizuri dakika kumi, halafu inaanza kukohoa hadi inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka tena kama si yenyewe. Nikabadilisha plagi. Nikafungua kabureta mara tatu, na mara zote tatu jeti kubwa (kile kitundu kinachopitisha petroli) imezibwa na unga wa rangi ya matofali. Nikaweka filta ya plastiki kwenye mpira wa mafuta, siku ya pili imeshakuwa kahawia. Ndipo akili ikanijia ya kufungua kifuniko na kumulika tochi ndani ya tangi, jambo ambalo ningelianza nalo nisingeisumbua kabureta ya watu.

Dari la tangi, kule ambako petroli haifiki, lilikuwa limejaa magamba. Chini kabisa, kwenye kibonde kando ya koki, kutu ilikuwa imelala kama tope. Tangi likikaa muda mrefu nusu tupu, hewa ya ndani hupoa usiku na unyevu wake hugeuka matone kwenye bati la juu. Matone yakidondoka hayachanganyiki na petroli; maji ni mazito zaidi, yanazama na kukaa palepale chini yakila chuma taratibu.

Kabla ya hapo nilishajaribu siki, wiki nzima. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5 tu, na kwa kutu ya juujuu inatosha. Kwa magamba yangu ilikuwa sawa na kumwogesha kiboko kwa kikombe.

Sitriki nilichanganya gramu 100 kwa kila lita ya maji ya moto (moto wa kuvumilika kwa mkono, si ya kuchemka). Tangi langu linabeba lita 10 hivi, kwa hiyo kilo moja ikaisha yote. Lijaze hadi mdomoni, maana ukibakiza hewa juu, dari linabaki na kutu yake.

Maandalizi yalikula muda kuliko dawa. Petroli yote nje, kisha maji ya sabuni ya vyombo mara nne, kwa sababu asidi haishiki kwenye mafuta. Tafadhali msidanganywe na tangi tupu: mvuke uliobaki ndio unaolipuka, kwa hiyo grenda na mashine ya kuchomelea zikae mbali. Koki niliing'oa pamoja na mipira yake, kwani asidi haina huruma na aloi ile. Tundu nililifunga kwa kipande cha bati na mpira wa tairi ya ndani. Halafu nikatia nati 25, nikalitikisa tangi mpaka mabega yakanishinda. Magamba mazito yalitoka kwa nati, si kwa dawa, hilo niliseme wazi.

Baada ya saa kadhaa vipovu vidogo vinapanda na maji yana rangi ya chai ya rangi. Mimi niliacha saa 20. Msiache siku tatu mkidhani ndiyo itatakata zaidi. Kutu ikiisha, asidi inahamia kwenye chuma chenyewe.

Sasa aibu yangu. Nilimwaga, nikaona bati jeupe limetulia kama sufuria mpya, nikasuuza kwa maji matupu, simu ikaita. Dakika 20 baadaye nikarudi na tochi: ndani pote rangi ya chungwa! Chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi, kinashika kutu mpya huku unakitazama. Ikabidi nitafute unga mwingine na kurudia.

Mara ya pili simu niliizima. Nikamwaga, nikasuuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi iliyobaki, nikasuuza tena, nikakung'uta, na papo hapo nikapuliza hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi bati likawa na joto mkononi. Lilipopoa nikamimina petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya tuu-stroku, nikaligeuza kila upande. Utaratibu ni huo, msije mkapuliza hewa ya moto mkishatia petroli.

Mambo mawili ambayo unga huu hauyawezi. Kona moja mwenye pikipiki wa zamani alishapaka rangi ya kuzibia tangi, na ilikuwa imebambuka kama ganda la kitunguu. Asidi iliizunguka tu. Chini ya rangi kutu imo vilevile, na ile ni kazi ya kiyeyusha rangi. Pili, tangi lilianza kutoa jasho la petroli kwenye mshono wa chini. Kumbe ile kutu niliyoitukana ndiyo iliyokuwa imeziba vitundu viwili vidogo! Siulaumu unga. Nimeviziba kwa gundi ya chuma inayohimili petroli na hadi leo pakavu.

Filta niliyoweka baada ya hapo bado inaonyesha mwanga upande wa pili, na jeti sijaigusa tena. Nyota ya tano nimeikata kwa sababu pakiti haisemi neno hata moja kuhusu kukausha, ingawa najua iliandikiwa mtu wa jikoni, si mimi.

Nati zilizotoka ni 24. Ya 25 nimeitafuta kwa sumaku ya kamba nikachoka. Nikikata kona kali naisikia ikivuka upande wa pili.