Sindano Nyota Tano, Mapokezi Nyota Moja

Jina la kliniki hii tunaliacha makusudi. Wanaoihitaji huelekezana wenyewe, na asiyeihitaji hana haja ya kuujua mlango. Iko ghorofani, upande wa Ngara, Nairobi, na inahudumia wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia. Tumeangalia huduma mbili: chanjo ya homa ya ini B na ushauri wa afya ya akili.

Kwenye sindano hatuna lawama. Wanapima damu kwanza, kwa kuwa chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Huyo anahitaji daktari. Majibu yakiwa hasi, unadungwa siku hiyohiyo kwenye msuli wa bega. Ya pili ni baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Friji ina kipimajoto, na daftari la joto hujazwa asubuhi na jioni: nyuzi 2 hadi 8. Omba ulione. Wengi hudhani adui ni joto peke yake, kumbe chanjo hii ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena na kuonekana sawa. Na usijihesabu umekingwa tangu utotoni: watoto wa Kenya walianza kuipata mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Shida ni sindano ya tatu. Watu hupotelea njiani, na pale kaunta jibu ni moja: "Wanaogopa chanjo." Basi waliwezaje kudungwa mbili za kwanza? Tazama mapokezi. Soja wa mlangoni anauliza kwa sauti umekuja kwa nani. Faili linaitwa kwa majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, mbele ya benchi zima. Katika nchi ambayo kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, bado kinasimama, baada ya Mahakama Kuu kukataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, hilo si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya na mwelekeo wa kimapenzi kuwa taarifa nyeti. Omba uandikishwe kwa namba. Wanayo, ila hawaitaji mpaka uulize.

Kosa jingine la kaunta: aliyechelewa huambiwa aanze upya. Hapana. Unaendelea pale ulipoachia, hata ukikawia miezi. Anayeambiwa arudie zote tatu, tena mbele ya benchi lile, ana sababu gani ya kurudi?

Ushauri ni mzuri ukishaingia ndani. Dodoso la sonona lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Kuanzia 10, mtu anahitaji kufuatiliwa. Mshauri analisoma swali la 9, la mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa, kabla ya kujumlisha chochote, na ndivyo inavyopasa: jibu lolote lililozidi sifuri lataka mazungumzo siku hiyo, hata jumla ikiwa 4. Lakini karatasi yenyewe hujazwa benchini, gotini, jirani akichungulia. Matokeo yake ni sifuri tisa kutoka kwa mtu ambaye hajalala wiki nzima. Ikatae hapo, ujazie ndani ya chumba. Humo pia ndimo pa kueleza ulivyofukuzwa nyumba au ulivyochekwa hospitalini, maana dodoso haliulizi ubaguzi hata mara moja, na bila hilo mshauri anatibu usingizi tu.

Ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi unataja jina la chanjo. Kama simu yako inashikwa na wengine, waambie waandike "miadi" tu. Wanakubali bila ubishi, lakini waambie kabla hujaondoka siku ya kwanza, kwa sababu ujumbe wa sindano ya pili hutumwa kabla hujarudi.