Uzoefu wangu: sitata ya kontakta na ovalodi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Tabora

Kwa mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5, swichi ya kisu (ya mpini unaopandishwa kuwasha) siitaki tena. Sitata ninayotumia (kisanduku cha kuwashia mota) ina kontakta ya ampea 18 (swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme), ovalodi ya ampea 12 hadi 18 (kifaa kinachokata mota ikizidiwa), kitufe cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima.

Ubora wake unaonekana umeme unapokatika. Kisu kikiachwa juu, umeme ukirudi mashine inaanza yenyewe, na pengine kijana ameshaingiza mkono kutoa mpunga uliokwama. Kontakta huachia, na haishiki tena mpaka kijani kibonyezwe. Kwa hilo peke yake inastahili bei yake. Kitufe cha dharura hakimo. Nimeongeza chenye kichwa kipana karibu na hopa (pa kumwagia mpunga), mfululizo na kile chekundu, kwenye mguso ambao kwa kawaida umefungwa, yaani unapitisha umeme hadi kitufe kibonyezwe. Hata waya wake ukikatika, mashine inazima.

Ovalodi inalinda mota ikipangwa sawasawa tu. Soma ampea kwenye kibao cha mota (yangu ni 15), kisha geuza mshale ufike hapo. Mafundi wengi ikikata mara mbili wanaipandisha hadi 18 ili kazi iendelee, na mota ndiyo inayoungua. Jamani, pimeni kwanza fezi zote tatu! Moja ikipotea mota ikiwa inazunguka, kontakta inaweza kuendelea kushika huku fezi mbili zikibeba mzigo wote. Zikiwa sawa, kagua bearingi, mkanda uliokazwa mno na wingi wa mpunga unaomwagwa. Ovalodi iache irudishwe kwa mkono, isijirudishe yenyewe. Shoti haizuii, breka au fyuzi mbele yake ni lazima.

Dukani soma volti za koili (waya wa sumaku ya kontakta), penye skrubu za A1 na A2. Ya 230 inataka fezi na nyutro, ya 400 fezi mbili. Ya 230 ukiipa 400 haikawii kuungua.

Kasoro ya sitata hii ni matundu ya kupitishia waya. Kiangazi, mpunga wa Nzega na Igunga ukiwa umepamba moto, pumba laini inapenya, inakaa kwenye nyuso za sumaku, na kontakta inaanza kunguruma. Weka glendi (vizibo vinavyobana waya tunduni) za saizi ya waya. Wakati wa kusafisha zima meni swichi, hakikisha kwa mita kuwa umeme haupo, tumia brashi kavu. Vichwa vya mguso vikiwa vyeusi usivipige msasa: weusi huo hauzuii umeme, ila msasa unaondoa madini ya fedha yaliyo juu.