Mguu wa robo inchi kwenye cherehani ya kukanyaga: uzoefu wangu

Juni, baridi ya Dodoma ilipoanza kuuma usiku, nikaamua kushona blanketi la viraka kwa mabaki ya vitenge. Mraba wa vipande tisa, ule wa wanaoanza: kila kipande unakikata inchi 4 na nusu, unashona robo inchi kutoka ukingoni, na mraba mzima unatoka inchi 12 na nusu. Wangu wa kwanza ulitoka 12. Wa pili 12 na robo. Wa tatu ulikaa kama sambusa.

Jirani yangu hapa Nkuhungu, fundi wa siku nyingi, aliigeuza akacheka: "Mwanangu, kila mshono wako una robo yake."

Ndipo nikanunua mguu wa robo inchi, kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano, elfu kumi na mbili. Kulia una kibati kidogo cha kuegemezea ukingo wa kitambaa. Haukuja na maelezo yoyote. Nikaufunga, nikakanyaga, sindano ikagonga chuma ikakatika. Ulikuwa umekaa upande. Nikalegeza skrubu, safari hii nikazungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano ikapita katikati ya tundu. Ukienda kununua, beba mguu wako wa zamani mlinganishe hapo hapo dukani, maana shina, yaani sehemu inayofungwa kwenye cherehani, hutofautiana urefu.

Hata hivyo, usiuamini moja kwa moja. Nilikata vipande vitatu vyembamba vya inchi 1 na nusu, nikaviunga, nikapiga pasi. Cha katikati kinatakiwa kibaki inchi 1 kamili. Changu kilipungua kidogo. Kumbe kitambaa kinapokunjwa kwenye mshono nacho kinakula nafasi yake. Sasa naacha upenyo wa unene wa uzi kati ya kitambaa na kile kibati, na miraba inatoka 12 na nusu. Napima kwa rula, kwa sababu futi kamba zangu mbili hazikubaliani.

Pasi yangu ni ya mkaa. Nilikuwa naiburuta, vipande vinavutika. Siku hizi naikandamiza tu na kuinyanyua. Kwa khanga, ambayo ni laini, bado nahangaika.

Ile miraba mitatu ya kwanza sikuifumua. Imekuwa foronya ya mto ninaokalia nikishona, sambusa ikiwa upande wa chini.