Saa za mapambo ya baharini: tazama mshale kabla ya bei

Saa ya umbo la usukani wa meli niliyoinunua mjini Mombasa kwa shilingi 6,500 ilinipa raha miezi miwili tu. Kisha ikaanza kuchelewa, leo dakika tano, kesho robo saa. Nikatia betri mpya, ikatulia, ikarudia. Siku niliyopanda kiti kuitazama kwa karibu, nikaona mshale wa sekunde unatetemeka penye tisa, unapanda kidogo, unarudi pale pale. Mshale wa dakika nao ulikuwa na nanga ya chuma kwenye ncha, nzito kama kifungo cha koti.

Wauzaji hawaitaji kasoro hii. Mshale ukishuka kutoka kumi na mbili hadi sita, uzito wake unausukuma. Ukianza kupanda, mashine ya betri lazima iunyanyue, na pagumu zaidi ni penye tisa, mshale ukiwa umelala. Betri ikilegea kidogo, hapo ndipo inaposhindwa. Basi ukienda dukani chukua betri iliyochoka, hata ya rimoti. Itie, weka mshale wa dakika penye nane, usimame dakika kumi uutazame ukipita tisa. Angalia pia kama mshale una mkia upande wa pili wa kuusawazisha. Rangi na ukubwa mtachagua wenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Weems & Plath ya Annapolis, Marekani, na sifichi kwamba naipenda. Kampuni ilianza 1928, na mwanzilishi wake, Philip Van Horn Weems, ndiye aliyemfundisha rubani Charles Lindbergh kutafuta njia kwa nyota. Shemeji yangu baharia alituletea moja: shaba tupu, uso mweupe, mishale myembamba isiyo na pambo lolote. Iko karibu na dirisha linaloingiza upepo wa chumvi. Naifuta kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa, na haijanidanganya hata dakika.

Ya pili ni Chelsea ya Massachusetts, kampuni ya tangu 1897. Saa yao ya kengele hugonga kwa zamu za melini: kengele moja nusu saa ya kwanza, inaongezeka moja moja hadi nane, na hizo nane husikika saa mbili, saa sita na saa kumi. Ile ya kutia ufunguo haina habari ya betri kuchoka. Lakini bei yake inapita dola elfu moja, nami nina karo ya kulipa.

Ya tatu, mwagize fundi akuchongee kwa mbao za jahazi kuukuu, kama wafanyavyo Lamu. Mashine nunua kando, yenye nguvu, na mishale iwe myepesi.

Za plastiki zafaa chumba cha watoto.

Ile yangu niliuziwa kwa jina la shaba. Nilipoigusisha sumaku ya mlango wa friji, ikang'ang'ania. Shaba haishiki sumaku, wenzangu. Nikairudisha dukani. Muuzaji akanijibu: "Mama, hiyo ni saa ya pambo. Ukitaka kujua saa, tazama simu." Risiti hakuwa amenipa, kwa hiyo sikuwa na la kumwonyesha. Daini risiti, na muuzaji aandike "shaba" kwa mkono wake.