Gari linazurura barabarani? Dampa za usukani, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia

Ukitoka Kisongo, nje kidogo ya Arusha, kuelekea Makuyuni barabara imenyooka na upepo unakatiza bila kizuizi. Hapo ndipo unapolijua gari lako. Ukipishana na basi la Dodoma linakusukuma kushoto, likishapita linakuvuta kulia. Gari zima linarudi kwenye mstari lenyewe. Gari bovu linaanza kuzurura, na wewe unalifukuza kwa usukani, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ukifika Mto wa Mbu mabega yamekuwa mawe.

Ukilalamika kijiweni, jibu huwa moja: "Badilisha stelingi dampa," yaani dampa ya usukani. Mimi nilitii. Nilikuwa na Land Cruiser mkonge, zile za mfululizo wa 70, nikanunua dampa mpya nene kuliko ya zamani, nikafunga jioni, asubuhi nikapakia wageni. Gari lilizurura vilevile, ila sasa usukani ulikuwa mzito.

Niliporudi nikampelekea fundi mmoja mzee pale Unga Limited. Nikamwamkia, nikamweleza. Hata boneti hakufungua. Akaniambia, "Washa gari, lisitembee. Chezesha usukani kidogo kidogo, kama unamtikisa mtoto alale." Akajilaza chini. Baada ya muda akaita, "Kijana, shuka, mwache tingo achezeshe. Njoo ushike hapa." Nikaweka kiganja kwenye tairodi endi ya kulia, kile kiungo cha mwisho wa rodi ya usukani karibu na gurudumu. Nikasikia tik, tik kwenye ngozi: rodi inatembea, kiungo kinachelewa, ndipo gurudumu linafuata. Ile dampa niliyoinunua ilikuwa inaufunika ule mchezo, yaani ulegevu wa kiungo, tu.

Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili, na ile ya kwanza haina cha kununua.

Kabla hujatoa hela

Dampa ni shokapu iliyolazwa. Upande mmoja umeshikwa kwenye chasisi au ekseli, upande wa pili kwenye rodi za usukani. Kazi yake ni kumeza mapigo: jiwe, shimo, tairi kupasuka, mtikisiko wa magurudumu kwenye barabara ya bati, ile ya vumbi yenye mawimbi kama bati. Haijatengenezwa kunyoosha gari. Gari zima ukilitoa dampa, likaenda taratibu kwenye lami tulivu, linapaswa bado kwenda moja kwa moja. Hicho ndicho kipimo cha bure ninachokiamini kuliko vyote: itoe, zunguka kilomita mbili tatu kwa mwendo mdogo. Kama uzururaji ni uleule, hela yako ina kazi nyingine.

Na si kila gari lina dampa. Inakuwa zaidi kwenye magari yenye ekseli ngumu ya mbele, ya kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu: Land Cruiser za mkonge, 80 na 105, Jimny, Defender na Hilux za zamani. Kama una Hilux au Prado ya kisasa, mtu anayekuuzia dampa ya usukani anakuuzia stori.

Kama gari linazurura, anza na upepo wa matairi. Pima yakiwa ya baridi, asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, na yale mawili ya mbele yalingane. Kisha viungo, kama yule mzee alivyofanya. Kisha inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ushike tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za hab, kitovu cha gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, pale gurudumu linapogeukia, na hizo kwenye magari yetu huliwa kimyakimya kwa sababu vumbi la Ngorongoro na maji ya kuoshea gari kila jioni vinapita kwenye sili.

Kwenye mkonge zenye koili mbele, angalia bushi za panhadi rodi, ile rodi inayozuia ekseli isiende pembeni. Bushi ikifa, ekseli yote inahama kulia na kushoto chini yako, na hakuna dampa duniani itakayoizuia. Zenye springi za majani, angalia bushi za springi na shakeli zake, vile vishikio vya mwisho wa springi. Stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, iwe ya mwisho: mafundi wengi hukimbilia kuikaza, wakiikaza kupita kiasi usukani haurudi katikati wenyewe na boksi linakufa mapema.

Halafu kuna kasta. Tazama baiskeli: uma wa mbele umelala kidogo kurudi nyuma, ndiyo maana unaweza kuachia mikono ukateremka mlima. Gari nalo lina mlalo huo. Magari mengi ya watalii hapa Arusha yamerefushwa chasisi, yamewekewa bodi nzito na koili ndefu ili yasikae chini. Ukiinua gari la koili bila kurekebisha mlalo, ekseli inajizungusha, kasta inapungua, na gari linakuwa kama baiskeli yenye uma wima. Dawa yake ni bushi za kasta zilizotobolewa pembeni, au kabari kati ya springi na ekseli kwa zile za majani. Ukimaliza, peleka alaimenti. Magurudumu ya mbele yakitazama nje kuliko kiwanda kilivyopanga, gari litazurura hata likiwa jipya la boksi.

Haya, umefanya yote hayo. Dampa yako imetoa mafuta, ukiisukuma kwa mkono inaingia kama pampu ya baiskeli isiyo na washa, au ina sehemu katikati ambayo haishiki kabisa. Hapo nunua. Unyevu mwembamba wa mafuta uliochanganyika na vumbi si kifo. Matone ndiyo kifo.

Ya kwanza: ya kampuni, au KYB

Kwa gari lenye matairi ya saizi ya kiwandani au karibu na hapo, sijaona sababu ya kupita hapa. Dampa ya Toyota yenyewe, au ya KYB ya Japani, ni ya mafuta, inashika sawasawa kuingia na kutoka, usukani unabaki mwepesi, na unaendelea kusikia barabara. Hilo la mwisho madereva wageni hawalithamini mpaka siku wanapokuwa kwenye tope jeusi la Ndutu na kuhitaji kujua kama tairi la mbele limeshika au linateleza.

Tatizo lake ni moja, na si la kiwanda: boksi lake ndilo linaloigwa zaidi. Nitarudi hapo.

Ya pili: Old Man Emu

Hii ni ya Waaustralia, iko chini ya ARB, na imetengenezwa ikiwazia magari yaliyobeba mzigo, yaliyoinuliwa, yenye matairi mapana. Inazuia zaidi kuliko ya kampuni. Kama umefunga matairi ya matope yenye vifundo vikubwa, au bampa la chuma na winchi mbele, utaipenda ukiwa barabara ya bati kati ya Olduvai na Naabi: usukani unaacha kukupiga vidole gumba.

Kwa nini sijaiweka ya kwanza? Bei, na ukweli kwamba wengi wanaoinunua hawana matairi hayo. Kwenye gari la kawaida inafanya usukani uchelewe kurudi katikati ukitoka kwenye kona, na mjini, foleni ya Mbauda saa kumi na moja jioni, mkono utakuuma. Kama tayari una koili na shokapu za kampuni hiyohiyo, chukua na dampa yake, vitu vimepangwa viende pamoja. Kama huna, usianzie kwenye dampa.

Ya tatu: Monroe na wenzake wa bei ya kati

Sina mengi ya kusema. Ukikuta halali na mfuko umebana, funga. Kwa Jimny ya familia iliyonunuliwa baada ya kuuza Noah, au kwa Land Cruiser ya shamba isiyovuka Boma Ng'ombe, inatosha kabisa.

Ya nne, kwa tahadhari: zile za gesi

Hapa ndipo watu hupigwa na neno zuri. "Ya gesi" kwa shokapu za kusimama ni sifa. Kwa dampa iliyolala ni jambo la kuuliza mara mbili. Fanya hivi dukani: sukuma rodi ya dampa hadi ndani, uachie. Ikitulia ilipo, ni ya mafuta au gesi yake ni ya presha ndogo. Ikirudi nje yenyewe kwa nguvu, jua kwamba ukiifunga itakuwa inasukuma rodi ya usukani upande mmoja usiku na mchana. Gari litavuta, utapeleka alaimenti, fundi wa alaimenti atasema liko sawa, na mtabishana bure. Ziko zilizotengenezwa vizuri ambazo msukumo wake hausikiki. Ila kama muuzaji hajui tofauti, usiwe wewe wa kumfundisha kwa hela yako.

Humo humo niweke zile zenye springi ya kurudisha usukani katikati. Wazo lake ni tairi likipasuka gari lisiruke. Zinafanya kazi, lakini lazima zifungwe zikiwa katikati kwa milimita, na kila ukifanya alaimenti unazipanga upya. Mafundi wetu wengi hawatafanya hivyo.

Kufunga dampa mbili? Ukiona gari linahitaji mbili ili litulie, kuna kiungo kimekufa mahali.

Za kukimbia

Mtumba. Dampa iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa ni kitu kilichokwisha kikiwa kimefutwa vumbi. Vitu vingi ninanunua mtumba, hata stelingi boksi, lakini si hiki. Mafuta yake na sili zake zina umri, na rangi mpya haiongezi siku.

Feki. Niliwahi kununua moja, boksi safi, maandishi ya Kijapani, duka nisilolitaja. Kabla ya miezi miwili ilikuwa inatoa mafuta. Nilipoilinganisha na halali nikaona yale ambayo ningeyaona kaunta kama nisingekuwa na haraka: uzito ni nusunusu, rangi imepakwa mpaka juu ya rodi inayong'aa, nati haina njia ya pini ya spliti. Siku hizi naenda na dampa ya zamani mkononi. Naomba mpya, naishika moja kila mkono. Nazisukuma zote. Napima urefu zikiwa zimefungwa na zikiwa zimefunguliwa, nalinganisha na unene wa pini ya kiungo, maana mkonge ya springi na ya koili hazilingani na muuzaji atakwambia "inaingia tu, mangi." Ukiona anakasirika kwa kupimiwa, mwage, mtaa una maduka mengine.

Bei sizitaji kwa sababu zinapanda na dola. Uliza maduka matatu kabla ya kusema unatafuta ya nani, na ile iliyo chini sana kuliko mbili nyingine ujue jina lake.

Siku ya kufunga

Simama na fundi. Ikishafungwa, geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha mwisho kushoto, yeye akiwa chini anatazama. Dampa isifike kikomo chake kabla ya usukani kufika kikomo chake, wala isiguse springi au paipu ya breki. Ikifika mapema, umefunga fupi, na siku utakapokata kona kali itapinda au itazuia usukani. Nati ya kiungo iwekewe pini mpya ya spliti, si waya wa kufungia uzio. Nimeiona hiyo waya kwenye gari lililobeba wageni sita.

Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, kaza tena. Kwenye bati, kinachokufa kwanza mara nyingi ni bushi za dampa au mkono uliochomelewa kwenye ekseli, si dampa yenyewe. Tochi na spana dakika tano jioni lodji inatosha.

Na ikikatika ukiwa porini, usiiache ikining'inia ukisema utafika hivyo hivyo. Inaweza kujibana kwenye rodi ukashindwa kukata kona. Ifungue pande zote mbili, itupe nyuma, urudi taratibu bila hiyo, vidole gumba viwe nje ya spoku za usukani. Kama dampa uliyoitoa siku ya kufunga mpya bado ilikuwa inavuta sawa, usimwachie fundi auze chuma chakavu. Ifunge kwenye gunia uilaze chini ya kiti. Yangu iko hapo mwaka wa tatu, na imeshanitoa Ndutu mara moja.