Kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa gemu za kubofya: soma boksi mpaka herufi ya mwisho

Wasomaji wawili wameniandikia kuhusu jambo moja. Wote wana kadi ya GT 1030 ya Nvidia, wote wanacheza Syberia 3, gemu ya hadithi na mafumbo, kwenye kompyuta za ofisi za mtumba. Kwa mmoja, mhusika mkuu Kate Walker anatembea bila shida. Kwa mwenzake picha inakatakata kila anapovuka uwanja.

Tofauti ni memori. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na memori ya kasi aina ya GDDR5, inayopitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye memori ya polepole, DDR4, inayopitisha kama GB 17 tu, na jina wakaliacha lilelile! Kwa kawaida zote zina GB 2, na hapo ndipo muuzaji anapokukamatia: "Dada, hii ni ya GB mbili." Hizo GB mbili ni ukubwa wa ghala, wewe muulize upana wa mlango. Kisha soma namba ya toleo mwenyewe. Kwa kadi za kampuni ya MSI, ukiona 2GHD4, hiyo ni DDR4. Kwa Gigabyte tafuta N1030D5, ukikuta N1030D4 rudisha boksi.

Chaguo langu la kwanza ni GTX 1050 Ti ya MSI, ile fupi ya 4GT LP. Nawapenda MSI na sifichi. Ina GB 4 za GDDR5, inatumia wati 75 kutoka kwenye bodi mama ya kompyuta yenyewe bila waya wa pawa saplai, na kimo chake kinafaa kompyuta nyembamba kama OptiPlex za Dell. Pima nafasi kwanza, maana inakula sloti mbili.

Ya pili ni GTX 1650. Ina nguvu zaidi, ila kwa gemu za kubofya unalipia usichotumia, na baadhi zinadai waya wa ziada. Ya tatu ni GT 1030, ya GDDR5 peke yake. RX 6400 ya AMD siiweki kwenye kompyuta ya zamani: inatumia njia nne tu za PCIe, ile sloti ya kadi kwenye bodi, na bodi za zamani za PCIe 3.0 zinaibana.

GT 710 na GT 730 ziacheni. Gemu za michoro bapa kama Thimbleweed Park zinachezeka hata kwa grafiki ya Intel iliyomo ndani ya kompyuta.

Linaloniuma ni bei. DDR4 inauzwa bei ileile ya GDDR5, boksi limefungwa kwa selotepu, ukiomba kulifungua unaambiwa utaliharibu, na chini ya risiti pameandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Kuna hata GTX 1050 Ti bandia, chipu kuukuu zilizobadilishwa jina. Kwa hiyo ichomekwe palepale dukani, mfungue GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi: kadi bandia inaandikiwa FAKE, na aina ya memori inaonekana kwenye dirisha lilelile. Kisha muuzaji aandike "GDDR5" kwenye risiti kwa mkono wake. Akikataa, usitoe hela.