Uzoefu wangu na kampuni iliyoijenga upya tovuti ya biashara yangu

Miezi kumi iliyopita niliikabidhi kampuni moja ya usanifu wa tovuti kazi ya kuijenga upya tovuti ya biashara yangu, ambayo huuza vipuri vya pampu za maji. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza zilichangiwa na uzembe wangu mwenyewe, na sioni kuwa ni haki kuuanika upande mmoja. Kwa kifupi, kazi ya kuonekana waliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na kazi isiyoonekana wakaifanya ovyo. Nayo hiyo isiyoonekana ndiyo iliyonipotezea wateja.

Tovuti yetu ya zamani ilikuwa na umri wa miaka tisa. Kwenye kompyuta ilisomeka, lakini kwenye simu majedwali ya vipimo yalifichwa kabisa kwa sababu aliyeitengeneza hakujua pa kuyaweka. Sikuliona kuwa ni tatizo kubwa mpaka nilipoelezwa kwamba Google ilishakamilisha, mwaka 2023, mpango wake wa kuzisoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye simu. Maana yake ni kwamba vipimo vyote tulivyovichapa kwa jasho, yaani vipenyo, urefu wa mihimili na aina za mpira, havikuwapo machoni pa chombo kinacholeta zaidi ya nusu ya wageni wetu.

Sehemu ya kwanza ya kazi ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kabla ya kuchora chochote, walitaka tukae wiki mbili na wafanyakazi wetu wanaopokea simu na kuandika kila swali linaloulizwa na mteja, neno kwa neno. Msanifu wao mkuu alinikatiza kwa adabu kila nilipoanza kuzungumzia rangi. Alisema rangi tutazikuta mbele. Orodha ilipokamilika, jambo lililojitokeza lilinifedhehesha kidogo: wateja wengi hawataji jina la kipuri. Wanasoma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi huku wakiifuta grisi kwa kidole, nasi kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumewapangia bidhaa kwa majina tunayoyajua sisi. Ukurasa wa mwanzo wa sasa hauna picha kubwa ya jengo letu wala salamu ya mkurugenzi, ambaye ni mimi. Una kisanduku cha kuandikia namba, na chini yake mchoro unaoonyesha mahali pa kuitafuta namba hiyo kwenye kipuri.

Tulivutana kuhusu maandishi ya kijivu hafifu, ambayo niliyaona ya kifahari. Walikataa, wakanionyesha kwamba mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, ilhali kijivu changu hakikufika hata 3. Kisha mmoja wao akatoka nje na simu yake akanipa niusome ukurasa ule juani. Sikuubishia tena uamuzi huo. Kwa upande wa kasi nao hawakuniangusha: picha zilizokuwa zikipandishwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera zilipunguzwa na kugeuzwa kuwa za WebP, aina nyepesi ya faili la picha, na kipengele kikubwa zaidi cha ukurasa sasa hujitokeza ndani ya sekunde 2.5, ambacho ndicho kiwango ambacho Google hukihesabu kuwa kizuri.

Mkataba ulisema wiki kumi. Tulitumia kumi na saba. Wiki sita kati ya zilizozidi ni zangu. Niliahidi kuleta maelezo mapya ya bidhaa nikidhani ni kazi ya kunakili na kubandika jioni mbili tatu, kumbe nusu ya maelezo ya zamani yalihusu vipuri ambavyo havitengenezwi tena, na mengine yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Anayepanga kazi ya namna hii aanze na maandishi, tena mapema kuliko msanifu, kwa sababu msanifu anayechora bila maandishi halisi huchora masanduku yanayopendeza ambayo baadaye hayakitoshi kitu chochote.

Sasa nifike kwenye siku ya kuihamisha tovuti. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimesifia mno. Walizindua Ijumaa jioni, wakati ambao hakuna mtu wa kupokea simu kwao wala kwetu. Anwani za kurasa zote zilikuwa zimebadilika, jambo ambalo si kosa lenyewe, mradi kila anwani ya zamani ipewe maelekezo ya kudumu, yale yanayoitwa 301, ya kumpeleka mgeni kwenye ukurasa mpya wa kitu kile kile. Wao walichukua njia ya mkato: anwani zote za zamani wakazielekeza kwenye ukurasa wa mwanzo.

Jumatatu asubuhi alipiga simu fundi mmoja ambaye hununua kwetu mara kwa mara. Alikuwa amehifadhi kwenye simu yake ukurasa wa sili anayoiagiza kila baada ya miezi michache. "Bosi, mmeacha kuuza ile sili?" aliniuliza. "Nikibonyeza naletwa mlangoni." Nilimjibu kwamba tunayo, nikamsomea namba, akaagiza. Lakini si kila mtu hupiga simu. Wengi wakiletwa mlangoni huondoka. Google nayo huyachukulia maelekezo ya jumla kama hayo kana kwamba ukurasa wa zamani umefutwa, na ndani ya wiki tatu kurasa zetu zilizokuwa juu kwenye matokeo ya utafutaji zilianza kuporomoka moja baada ya nyingine.

Nilipowauliza orodha ya anwani za zamani iko wapi, ilibainika kwamba haikuwahi kuandaliwa. Tuliitengeneza sisi wenyewe, mimi na mhasibu wetu, kwa kukusanya anwani kutoka Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyopatikana kwenye utafutaji, kutoka faili la zamani la ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, lililosalimika kwenye nakala rudufu, na nyingine kutoka Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za zamani. Ikawa lahajedwali ya safu mbili: kushoto anwani ya zamani, kulia mpya. Kwa kila kipuri kisichotengenezwa tena tuliamua kimoja kimoja, ama kielekezwe kwa mrithi wake, ama ukurasa uachwe useme wazi kwamba hakipo. Kampuni iliyaweka maelekezo hayo siku mbili baada ya kuipokea orodha, bila malipo ya ziada, na hilo nawashukuru. Ilichukua karibu miezi miwili wageni kurejea kwenye idadi tuliyoizoea, na kwa ushauri wa Google wenyewe maelekezo hayo yanapaswa kubaki kwa angalau mwaka mmoja.

Kulikuwa na hitilafu ya pili, ndogo kwa sura lakini iliyoniuma zaidi. Fomu ya kuomba bei ilimwambia mteja, "Asante, ujumbe wako umepokelewa," na ujumbe huo ukaenda kwenye anwani ya majaribio ya mtengenezaji, ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua. Siku tisa zilipita hivyo. Tulishangilia ukimya tukidhani watu wanajipatia majibu tovutini.

Mambo mengine waliyamaliza kiungwana. Kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kilibaki kwa jina langu, akaunti ya seva iliyokuwa kwa jina lao waliihamishia kwangu siku niliyoomba, na walimfundisha mhasibu wetu kubadilisha bei na picha hadi leo hajawahi kuwauliza tena.

Je, ningewapa kazi tena? Ndiyo, ila mkataba ungeandikwa tofauti. Orodha ya anwani ingekuwa kazi yenye tarehe yake na ingejaribiwa kwenye tovuti ya majaribio kabla ya uzinduzi, uzinduzi wenyewe ungefanyika Jumanne asubuhi, na sehemu ya mwisho ya malipo ingesubiri siku 30 baada yake.

Limebaki jambo moja ambalo hatujakubaliana. Kisanduku cha kutafuta hakiipati namba ikiwa mteja hakuandika kistari kilichogongwa katikati yake, na wateja wengi hawakiandiki. Wao wanasema hiyo ni kazi mpya yenye ankara yake. Mimi nasema kisanduku kilitengenezwa kwa ajili ya namba hizo hizo. Wakati tukibishana, mhasibu ameanza kuziandika namba zote mara mbili, mara moja zikiwa na kistari na mara moja bila, naye amefika herufi M.